Ngano ya Wiki Sita

Daktari amesema nile.
Vipande viwili vya mkate kila siku, wiki sita,
bila kuruka, bila kujionea huruma,
kwa maana damu, asema, haimtaji aliyekwisha kuondoka.
Mshtakiwa sharti awe kizimbani.

Nami nilikuwa nimemfukuza.
Miezi saba sikumtia kinywani: si mandazi, si chapati,
si ile biskuti ya matanga inayopitishwa kwa sahani.
Tumbo likatulia kama chumba ambamo watoto wamelala.
Kucha zilirudi. Sketi ikakaza kiunoni.
Wekulo akasema, "Mke wangu, umenona,"
kwa sauti ya mtu aliyeokota noti.

Leo ni siku ya kumi na tisa.
Naandika kwenye daftari la duka, ukurasa wa madeni,
kati ya sukari ya Mama Gathoni
na kiberiti cha fundi viatu:
*Jumanne. Vipande viwili. Saa saba nimejikunja.*

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu nilimpa jembe siku ya kwanza
akanilima mimi.

Na asikudanganye mtu, ni mtamu.
Hilo sikumwambia daktari.
Jumapili Nanjala alisikia unga ukipigwapigwa
akaja mbio kutoka kwa jirani, kiatu kimoja mguuni:
"Mama, zimerudi?"
Zimerudi. Nilikanda kwa maji moto, chumvi, mafuta kidogo,
nikasukuma saba, harufu ikafika hadi kwenye kamba za nguo,
nikaila ya kwanza nimesimama, chai haijaiva,
macho nimeyafumba.
Usiku nililipa. Choo cha ploti yetu kiko mbali,
na ufunguo wake umefungiwa kandambili kuukuu
usipotee gizani.

Nimezaliwa Njoro.
Wakati wa mavuno mashamba yaling'aa hadi yakaumiza macho,
na baba, mshona magunia, alirudi na makapi masikioni.
Tulikula tulichokivuna, tukaona fahari.
Shangazi Taprandich akakonda katikati ya magunia hayo.
Asubuhi chapati na chai, jioni kushika ukuta.
Basi wakamtungia ngano:
mke mwenza amemfanyizia;
ana ule ugonjwa;
anakula kwa siri, anatapika kwa siri.
Siku ya mazishi
waliobeba jeneza hawakubadilishana mabega.

Wekulo anauliza, naye ana haki ya kuuliza:
"Kama unajua kinachokuumiza, kwa nini ukile?
Acha tu. Na hizo pesa za vipimo ni karo ya muhula."
Sikumjibu vizuri. Nilisema kitu kuhusu chumvi.

Nataka karatasi.
Nataka damu yangu iende Nairobi kwenye kisanduku cha barafu
irudi na neno limechapwa kwa mashine, *seliaki*,
au neno jingine, au hapana,
lakini lenye mhuri chini yake.
Nimechoka kujitilia shaka kila nikilala chali.
Nimechoka kusema "tumbo tu"
kama shangazi alivyosema "tumbo tu".

Na tena juzi Nanjala, mwenye jina la njaa,
alitoka shuleni ameshika kitovu.
Akasema ni maembe mabichi.
Huenda ni maembe.

Zimebaki siku ishirini na tatu.
Jua la saa kumi limeingia mezani, mkate umejikunja pembeni,
kipande cha kwanza kimeshuka kwa maji.
Nakata cha pili. Yeye yuko upande wa pili wa meza
anachora ziwa lenye ndege wa waridi, amemaliza rangi,
ananyoosha mkono bila kuinua kichwa:
"Mama, nipe ganda."

Kisu kiko mkononi.
Ananyoosha tena.